Juan Seguín: Afisa wa Mpakani Aliyeitwa Msaliti Pande Zote Mbili

Katika ukurasa huu wa maisha ya watu wa zamani, safari hii tunakwenda mbali sana, mpaka nchi ya Mexico na jimbo la Texas, kumtazama mtu mmoja aliyeitwa Juan Nepomuceno Seguín. Alikuwa mwanajeshi. Alipigana na jeshi la Mexico akashinda. Baadaye akafukuzwa nyumbani kwake na watu wa upande aliopigania, akakimbilia Mexico, akavaa sare ya jeshi lile lile alilopigana nalo, akarudi na silaha katika mji aliozaliwa. Wengine walimwita shujaa, wengine msaliti, na wako waliomwita yote mawili kwa nyakati mbalimbali. Tusimulie kwa utaratibu tangu mwanzo, maana habari za mtu kama huyu zikisimuliwa nusu zinadanganya.

MTOTO WA SAN ANTONIO

Juan alizaliwa tarehe 27 Oktoba 1806 katika mji wa San Antonio de Béxar. Siku hizo mji huo ulikuwa chini ya mfalme wa Hispania, kama Mexico yote. Ulikuwa mji mdogo wa mbali, wenye kanisa la San Fernando, mashamba yaliyonyweshwa kwa mifereji, na askari wa kulinda njia. Mwaka 1821 Mexico ilijipatia uhuru, na Juan akawa raia wa Mexico bila kuhama nyumba. Tulishike jambo hilo, kwa sababu litatokea tena. Katika maisha ya mtu huyu bendera ilibadilishwa juu ya mji wake mara kadhaa, na kila mara wenyeji waliamka asubuhi wakaambiwa kwamba sasa wao ni watu wa nchi nyingine.

Baba yake, Erasmo Seguín, alikuwa mkuu wa posta na mtu wa kuheshimiwa. Mwaka 1823 alikwenda mji mkuu wa Mexico akiwa mjumbe wa Texas katika bunge lililotunga katiba ya mwaka 1824. Wakati baba yuko huko, kijana Juan alibaki akimsaidia mama yake, María Josefa Becerra, katika kazi za posta na za shamba. Katiba ile iliyapa majimbo uwezo wa kuendesha mambo yao yenyewe. Kwa hiyo katika nyumba ya Seguín katiba haikuwa karatasi ya serikali tu, ilikuwa kazi aliyoifanya baba wa nyumba ile.

Mwaka 1826 Juan alimwoa María Gertrudis Flores de Abrego, na Mungu akawajalia watoto 10. Mwishoni mwa 1828 wenyeji walimchagua kuwa diwani. Mwishoni mwa 1833 wakamfanya mkuu wa mji, na kwa sehemu kubwa ya 1834 alikaimu ukuu wa wilaya nzima ya Béxar. Alikuwa bado hajafikisha umri wa miaka 30.

WAGENI WALIOKARIBISHWA

Texas ilikuwa nchi pana yenye raia wachache wa Mexico. Hao waliozaliwa pale, wenye kusema Kihispania, huitwa Watejano. Serikali iliona ni vema kuruhusu walowezi kutoka Marekani waje walime na kuijaza nchi. Kiongozi wao mkubwa alikuwa Stephen F. Austin. Mwaka 1821 Erasmo Seguín alikuwa miongoni mwa watu waliotumwa kumpokea na kumleta San Antonio, na tangu hapo nyumba hizo mbili zikawa rafiki.

Walowezi waliongezeka kupita matarajio. Mwaka 1830 Mexico ikatunga sheria ya kuwazuia wengine wasiingie, lakini waliendelea kuja, na muda si mrefu wakawazidi Watejano mara nyingi kwa hesabu. Wengi walikuja na watumwa weusi wa kulima pamba. Rais wa Mexico alitangaza kufutwa kwa utumwa mwaka 1829, ingawa mwishoni mwa mwaka huo huo Texas iliachwa nje ya amri hiyo. Utumwa ulikuwa sababu mojawapo ya ugomvi kati ya walowezi na serikali, wala haifai kulificha jambo hilo tunaposimulia vita ya Texas. Katiba waliyoiandika walowezi mwaka 1836 ililinda utumwa kwa maandishi.

Lakini Watejano kama Seguín walikuwa na sababu yao. Jenerali Antonio López de Santa Anna, akiwa rais, aliitupa katiba ya 1824 akakusanya mamlaka yote katika mji mkuu. Majimbo kadhaa ya Mexico yalimpinga, siyo Texas peke yake. Mwaka 1835 Seguín aliongoza kikosi cha mgambo mpaka Monclova kumsaidia gavana aliyempinga Santa Anna. Mwezi wa Oktoba mwaka huo Austin akampa cheo cha kapteni, naye akakusanya watu 37 wenye farasi. Walipeleleza njia, walitafuta chakula cha jeshi, na mwezi wa Desemba walikuwa miongoni mwa walioshambulia na kuuteka mji wa San Antonio kutoka kwa jenerali Martín Perfecto de Cos. Hivyo ndivyo Seguín alivyoingia vitani: kwa kuupigania mji wake, ndani ya mji wake.

USIKU WA KUTOKA ALAMO

Tarehe 23 Februari 1836 Santa Anna mwenyewe aliwasili San Antonio na jeshi kubwa. Waasi walikimbilia ndani ya Alamo, iliyokuwa zamani nyumba ya wamisionari, wakafunga milango. Seguín alikuwa humo pamoja nao. Baada ya siku mbili makamanda waliona kwamba lazima mtu atoke kwenda kuomba msaada. Nani angeweza kupita katikati ya askari wa Mexico usiku? Alitakiwa mtu anayezijua njia na anayesema Kihispania kama wao. Akachaguliwa Seguín. Akatoka gizani, akapita.

Msaada wa kutosha haukufika. Alfajiri ya tarehe 6 Machi Alamo ilianguka, na watetezi wapatao 200 wakauawa. Miongoni mwao walikuwamo Watejano. Mmoja wao alikuwa Gregorio Esparza, aliyekuwa mpiga mzinga. Ndugu yake wa damu, Francisco, alikuwa upande wa jeshi la Mexico. Maiti za watetezi wengine zilichomwa moto kwa amri ya Santa Anna, lakini Francisco aliomba ruhusa, akapewa mwili wa ndugu yake, akauzika. Vita ya mpakani ndivyo ilivyo. Anayekupiga risasi huenda ndiye atakayekuzika.

Seguín alikusanya upya watu wake, wakawa walinzi wa nyuma wa jeshi la jenerali Sam Houston lililokuwa likirudi mashariki. Mbele yao familia zilikimbia kwa miguu na kwa mikokoteni, katika mvua na tope, na jamaa za Seguín nao walikuwa katika msafara huo wa wakimbizi.

KARATASI KWENYE KOFIA

Tarehe 21 Aprili 1836 majeshi yalikutana San Jacinto. Houston alitaka Watejano wabaki kambini kulinda mizigo, maana aliogopa kwamba askari wake wangeshindwa kuwatofautisha na adui. Seguín alikataa. Watu wake, wapatao 20, walikuwa na haki ya kupigana kuliko wengi waliokuwapo, kwa kuwa makwao ndiko kulikoshikwa na adui. Houston akakubali. Basi wakachomeka vipande vya karatasi ngumu kwenye kofia zao, ili wenzao wasije wakawaua kwa makosa.

Pigano lile lilimalizika kwa muda mfupi sana, chini ya nusu saa. Kesho yake Santa Anna alikamatwa, na Texas ikawa jamhuri yenye kujitegemea. Lakini ile karatasi kwenye kofia inatuonyesha mambo yaliyokuwa yanakuja. Wengine wote waliaminika kwa kuonekana tu, ila Mtejano alitakiwa avae alama.

MJI USICHOMWE

Tarehe 4 Juni 1836 Seguín alipokea mji wa San Antonio kutoka kwa jeshi la Mexico lililokuwa likiondoka. Akapandishwa cheo kuwa luteni kanali, akawa kamanda wa mji. Familia yake iliporudi kutoka ukimbizini ilikuta mifugo na mali ya shambani imekwisha kuchukuliwa.

Mapema mwaka 1837 alipata mtihani. Jenerali Felix Huston, mkubwa wake katika jeshi la Texas, alitaka San Antonio uharibiwe na wakazi wake wahamishiwe mashariki, kwa hoja kwamba mji ule hauwezi kulindwa. Seguín alikuwa askari, na askari hutii. Lakini wenye nyumba zile walikuwa wazee waliomlea, wajane, na watoto aliowajua kwa majina. Hakuitekeleza amri ile. Alimwandikia rais wa jamhuri, ambaye sasa alikuwa Sam Houston, na rais akaifuta. San Antonio ukabaki. Lakini Seguín alikuwa amejipatia adui ndani ya jeshi lake mwenyewe.

Tarehe 25 Februari 1837 alikusanya majivu ya waliokufa Alamo, akayazika kwa heshima za kijeshi, akasema maneno ya maziko kwa Kihispania, lugha ya mji. Mwaka huo huo wenyeji walimchagua kuwa seneta. Katika seneti ya jamhuri hapakuwa na Mtejano mwingine ila yeye. Hakujua Kiingereza, ilimbidi awe na mkalimani. Aliongoza kamati ya mambo ya kijeshi, na alidai sheria zichapishwe kwa Kihispania pia, maana watu walikuwa wakihukumiwa kwa sheria wasizoweza kuzisoma. Mwaka 1839 mji mmoja ukabadilishiwa jina ukaitwa Seguin kwa heshima yake.

UVUMI

Mwaka 1840 alijiuzulu useneta akaenda kumsaidia Antonio Canales, jenerali wa Mexico aliyekuwa akiipinga serikali ya mji mkuu. Jambo hilo halikufaulu. Fedha nyingi alizotumia zilikuwa zake, akarudi na madeni. Hata hivyo wenyeji walimfanya meya wa San Antonio.

Kazi ya umeya ilikuwa ngumu. Watu wapya walimiminika kutoka Marekani, na wengi wao hawakujua habari za 1836. Walipomwona Mtejano, walimwona adui aliyeshindwa. Walikaa katika viwanja vya watu, na mwenye kiwanja akilalamika anaambiwa arudi Mexico, naye hajawahi kukaa huko. Meya alisimama upande wa wenye viwanja, na kwa hiyo chuki ikamgeukia yeye. Mwaka 1841 msafara wa Texas uliokwenda Santa Fe ulikamatwa na Wameksiko, na watu wakanong'ona kwamba Seguín ndiye aliyeuuza.

Kisha, Machi 1842, jenerali Rafael Vásquez wa Mexico alivamia San Antonio, akaushika kwa siku chache, akaondoka. Habari ikaenezwa kwamba Vásquez amesema Seguín bado ni mtu mwaminifu kwa Mexico. Seguín alikuwa amejiunga na waliomfukuza Vásquez, lakini hilo halikumsaidia. Makundi ya watu wenye silaha yakaanza kumtafuta. Akalala leo kwa huyu, kesho kwa yule. Tarehe 18 Aprili 1842 aliuacha umeya, na baada ya muda mfupi akavuka kwenda Mexico.

Tuangalie vizuri hapo, wapendwa. Mtu aliyetoka Alamo usiku, aliyepigana San Jacinto, aliyeizika majivu ya wenzake, hakufukuzwa na jeshi la Santa Anna. Alifukuzwa na uvumi, na majirani wapya wasiotaka kuuliza kama ni kweli.

SARE YA PILI

Ng'ambo ya mto Rio Grande hakupokelewa kama ndugu. Alikamatwa. Kwa Mexico alikuwa muasi wa 1836, na Santa Anna aliyempiga wakati ule alikuwa amerudi madarakani. Kwa maelezo ya Seguín mwenyewe, aliwekewa njia mbili: ama gereza, ama aingie jeshini. Alikuwa na mke na watoto wa kulisha, na nyuma yake hakukuwa na mlango uliobaki wazi. Akaingia jeshini, akapewa kuongoza kikosi cha wapanda farasi, ambacho kilikuwa na Watejano wengine waliokimbia kama yeye.

Septemba 1842 jenerali Adrián Woll aliongoza jeshi la Mexico mpaka San Antonio, na Seguín alikuwa katika jeshi hilo. Mji ukatekwa, na zaidi ya watu 50 wakachukuliwa mateka kupelekwa Mexico, wengi wao wakaishia katika gereza la Perote. Siku chache baadaye yakatokea mapigano makali kwenye kijito cha Salado, nje ya mji. Woll aliporudi Mexico, familia nyingi za Watejano zilifungasha mizigo zikaondoka pamoja naye, kwa kuogopa kisasi.

Hatuwezi kuiruka habari hiyo kwa kuwa tunamhurumia. Wapo waliokufa katika safari hiyo ya jeshi, na wajane wao walilijua jina la Seguín. Tangu siku hiyo waliomshuku huko Texas walisema kwamba waliona kweli. Hawakujiuliza ni nani aliyemsukuma mpaka akafika huko. Na yeye alijua kwamba maelezo yote ya dunia hayangefuta jambo moja, kwamba alirudi nyumbani akiwa pamoja na waliokuja kupiga.

Toka 1842 mpaka 1848 Seguín alikuwa afisa wa mpakani wa jeshi la Mexico. Kazi kubwa ya askari wa mpakani haikuwa vita na Texas. Ilikuwa kulinda vijiji na mashamba ya mifugo kaskazini mwa nchi yasivamiwe na Wakomanche na wapiganaji wengine wa asili, waliokuja kwa farasi wepesi, wakachukua ng'ombe na mateka, wakapotea nyikani. Askari wa huko walikaa tandikoni siku nyingi, na kazi yao haikuisha. Mwaka 1845 Marekani ikaitwaa Texas, na mwaka 1846 vita ikaanza kati ya Marekani na Mexico. Seguín alikuwa bado katika sare ya Mexico.

Mkataba wa Guadalupe Hidalgo, uliotiwa sahihi tarehe 2 Februari 1848, ulimaliza vita. Mexico ilipoteza zaidi ya nusu ya nchi yake, Texas ikiwamo, na mto Rio Grande ukawa mpaka.

KURUDI

Mwaka 1848 Seguín alimwandikia Sam Houston, kamanda wake wa zamani, akimwomba msaada ili arudi nyumbani. Kabla mwaka haujaisha akarudi Texas na familia yake. Waliokuwa na hasira walikuwapo. Walioomboleza kwa sababu ya uvamizi wa 1842 walikuwapo pia. Yeye akakaa kwenye shamba la baba yake karibu na mahali panapoitwa Floresville, akafuga, akalima, akanyamaza kwa muda.

Polepole watu wakaanza kumwamini tena. Katika miaka ya 1850 alichaguliwa mara mbili kuwa hakimu wa amani katika wilaya ya Bexar. Mwaka 1857 baba yake, mzee Erasmo, alifariki. Mwaka uliofuata, 1858, Juan alichapisha kitabu kidogo cha kumbukumbu zake. Hakukiandika ili asifiwe kwa vita alizopigana. Alikiandika kujibu shutuma, akaeleza kwa nini alikimbia, nani walimtafuta kumwua, na namna alivyojikuta mgeni katika nchi aliyozaliwa. Mwaka 1869 alikuwa hakimu wa wilaya ya Wilson.

Uzeeni alihamia Nuevo Laredo, upande wa Mexico, ukingoni kabisa mwa mto wa mpaka, kwa mtoto wake Santiago. Hapo hakufukuzwa na mtu. Alifariki tarehe 27 Agosti 1890, akiwa na umri wa miaka 83, akazikwa huko.

TUJIFUNZE NINI?

Vitabu vya ushindi wa Texas vilimsahau kwa muda mrefu, kwa sababu hakuingia vizuri katika hadithi ya upande mmoja. Mexico nayo haikuwa na sababu ya kumkumbuka. Wanaotaka watu wa kusifu tu wanapata tabu na mtu kama huyu, na wanaotaka watu wa kulaani tu wanapata tabu vilevile.

Lakini sisi tunaweza kumwelewa. Wako kati yetu watu ambao wakitajwa jina tu, mwingine anauliza alikuwa wapi mwaka fulani, na alivaa nini. Maswali hayo yana haki yake, kwa maana waliofiwa wanataka kujua. Ila tukiuliza, tuulize mpaka mwisho. Tuulize alivaa nini, kisha tuulize milango mingapi ilikuwa wazi siku ile. Tuulize pia ni jambo gani alikataa kulifanya alipokuwa na uwezo wa kulifanya. Kwa Seguín jibu la swali la mwisho linajulikana: alipewa amri kuhusu mji, na mji haukuchomwa. San Antonio leo ni mji mkubwa sana.

Mwaka 1974 mabaki ya Juan Seguín yalitolewa Nuevo Laredo, yakavushwa mto, yakapelekwa Texas. Tarehe 4 Julai 1976 yakazikwa kwa heshima katika ule mji unaoitwa kwa jina lake. Ilikuwa imepita karibu miaka 86 tangu afe, na miaka 134 tangu alipovuka mpaka mara ya kwanza akikimbia. Safari hiyo hakuna aliyemtaka avae alama kwenye kofia.